Mke wa Kwenye Faili

Siku ya bodi ya ardhi watu huvaa nguo za kanisa. Sijui ni nani aliyeanzisha, lakini ukipita nje ya ukumbi fulani mjini Thika asubuhi ya bodi utadhani kuna arusi nne na mazishi mawili. Wazee wamevaa makoti na jua linawaka. Akina mama wamefunga vitambaa vilivyopigwa pasi, na vijana waliokwisha kuota ndevu wamesimama nyuma ya baba zao wakichezea simu. Wote wamekuja kwa jambo moja. Mtu akitaka kuuza shamba, bodi inataka kumwona mke wake na kumsikia kwa mdomo wake mwenyewe akisema anakubali.

Bedan Gachau hakuwa na mke. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mbili, karakana ya kuchomelea mageti huko Makongeni, shati jeupe lililotobolewa na cheche kwenye kola, na nusu ekari Kalimoni aliyoachiwa na wazazi wake waliokwisha kufariki. Nusu ekari hiyo ndiyo aliyokuja kuuza. Alikuwa ameanza kujenga vyumba sita vya kupangisha kwenye ploti yake ya Mugutha, kuta zikapita madirisha, na hapo kazi ikasimama. Bila kuuza Kalimoni, vyumba vile vingebaki vikinyeshewa.

Pembeni yake kwenye benchi aliketi dada mrefu, mweusi wa kung'aa, amevaa gauni la kitenge cha njano lililomshika kiuno vizuri. Nywele alikuwa amezisuka mistari ya kurudi nyuma. Daftari lilikuwa mapajani na alikuwa akiandika kwa kasi.

"Samahani," dada akasema bila kuinua kichwa, "wewe ni muuzaji ama mnunuzi?"

"Muuzaji."

"Na bibi yako ako wapi?"

"Sina."

"Mliachana ama hujawahi kuwa naye?"

Bedan akacheka. "Kwani wewe ni bodi?"

"Aah, nauliza tu. Mimi nisipouliza naumwa kichwa."

Aliitwa Emmaculate Ajwang. Kazi yake ilikuwa kukagua vitambaa katika kiwanda kimoja cha Thika, na wanawake wenzake wa kiwandani walikuwa wamemchagua katibu wa chama chao. Siku hiyo chama kilikuwa kinanunua robo ekari kutoka kwa mzee Kinuthia. Mzee mwenyewe alikuwa benchi la mbele, mke wa kwanza kulia, mke wa pili kushoto, wote watatu wakitazama mbele bila kuzungumza.

"Mwaka juzi tulinunua bila kuuliza," Ajwang akaeleza. "Taito ya shamba ilikuwa kwa jina la mwanaume, tukasema si ni yake? Akaweka sahihi. Wiki iliyofuata bibi yake akakuja na jembe, aking'oa bikoni zetu za mpaka moja baada ya nyingine. Anatuuliza, mimi nalima wapi?"

"Mkafanya nini?"

"Tulikimbia, yawa! Ile jembe ilikuwa mpya." Akageuza ukurasa. "Sasa mtu kama wewe, hana bibi. Bodi itajuaje hujamfungia kwa nyumba?"

"Nina kiapo. Wakili ameandika kwamba mimi Bedan sijaoa. Nimeapa."

"Hebu nione."

Bedan akaitoa karatasi ndani ya faili. Ajwang akaikagua juu hadi chini kwa jicho lile lile alilozoea kutafutia nyuzi zilizokatika. Kisha akaweka kidole chini ya sahihi ya wakili.

"Hii haina muhuri."

Bedan akatazama. Kweli, muhuri haukuwapo. Ofisi ya wakili ilikuwa ng'ambo ya barabara, ghorofa ya tatu. Akasimama, akaketi, akasimama tena.

"Nishikie faili. Dakika tano tu, tafadhali."

Akaondoka mbio. Msomaji, ni watu wangapi wamewahi kumwachia mtu wasiyemjua karatasi za shamba la baba yao? Mimi ningetafakari kwanza. Bedan hakutafakari, na hilo Ajwang aliliona.

Dakika ya tatu karani akatoka mlangoni akaita, "Gachau! Bedan Gachau wa Kalimoni!"

Ajwang akaingia kusema kwamba mwenyewe anakuja. Ndani kulikuwa na meza ndefu, watu watano nyuma yake, na mafaili yaliyopangwa hadi kidevuni mwa mwenyekiti. Mnunuzi wa Bedan, mwalimu mstaafu aliyeitwa Nzioka, alikuwa amekwisha kuketi pembeni, kofia juu ya goti.

"Mwenye shamba ako wapi?" mwenyekiti akauliza.

"Amekimbia hapo tu ng'ambo, mheshimiwa. Anarudi sasa hivi."

"Wewe ni bibi yake?"

Hapo ndipo kila kitu kilipoanzia, kwa hiyo nataka tuelewane vizuri. Ajwang hakukosea kusikia, wala hakuchanganyikiwa. Alijua kwamba faili likirudishwa chini ya rundo, mwenyewe atangoja mwezi mzima hadi bodi ikae tena. Alikuwa na huruma na haraka kwa pamoja, na watu wa namna hiyo hujiingiza matatani bila kusukumwa.

"Ndio," akasema.

"Unakubali auze?"

"Nakubali."

"Kitambulisho."

Akakitoa. Karani akaandika jina na nambari. Wakati huo huo Bedan akaingia anahema, karatasi mkononi, wino wa muhuri bado mbichi.

"Tumeshamalizana na bibi yako," mwenyekiti akamwambia bila kumtazama. "Weka sahihi hapa."

Bedan akamtazama Ajwang. Ajwang akatazama dari. Bedan akaweka sahihi.

Nje, Nzioka akampa mkono. "Una bibi mwenye akili. Mchunge," akasema, akavaa kofia yake akaenda zake.

"Umefanya nini?" Bedan akanong'ona.

"Nimekuokolea mwezi mmoja."

"Umesema wewe ni bibi yangu!"

"Kwa dakika mbili tu. Nimeshakuacha." Akamrudishia faili. "Na hata chai hukuwahi kuninunulia. Ndoa gani hiyo?"

Bedan akamnunulia chai, na mandazi manne. Bodi ilipoidhinisha robo ekari ya chama mchana ule, mzee Kinuthia na wake zake wote wawili wakikubali kwa zamu, Bedan alikuwa bado nje anamngoja.

Kuanzia siku hiyo simu ya Bedan haikupoa. Ajwang alikuwa amepanga Ruiru na Bedan alikaa Thika, kwa hiyo mapenzi yao yalikua zaidi kwa sauti. Ajwang alipiga saa saba, wafanyakazi wa kiwandani wakila, na Bedan alizima mashine ya kuchomelea amsikilize.

"Mke wangu wa faili, habari ya mchana?"

"Mzuri, bwana Gachau. Niko na swali."

"Najua uko na swali. Anza."

"Watu wakikaa pamoja miaka mitatu bila arusi, huyo mwanamke ni bibi ama si bibi?"

"Nani anataka kujua?"

"Becky, jirani yangu."

"Ni Becky ama ni wewe?"

"Ni Becky! Mimi nikae na wewe miaka mitatu bila arusi kwa nini? Nimekosa nini?"

Bedan alicheka hadi akashika mlango. Lakini alikwenda kumuuliza wakili, na jioni akampigia na jibu: mambo yakifika kortini, hakimu anaweza kuangalia wameishi vipi, majirani wanawajua kama nani, kuna watoto au hakuna, na akiridhika atamhesabu kuwa mke. Ila ni safari ndefu, na bora Becky aolewe tu. Ajwang aliyaandika yote daftarini. Kilichomfurahisha zaidi ni kwamba mwanaume ameacha kazi yake kwenda kuulizia swali lake. Wengi aliowajua walikuwa wakimjibu, "Wewe nawe maswali!"

Jumapili moja Bedan alimpeleka Mugutha akaone vyumba. Ajwang alivaa sketi ya jinzi na blauzi nyeupe, raba miguuni, akaingia chumba kimoja baada ya kingine akihesabu hatua.

"Choo kiko wapi?"

"Nje, pale kona. Cha wote."

"Bedan, mpenzi. Nani atakodi chumba Mugutha leo, choo nje, na pale ng'ambo wanajenga vyenye choo ndani?"

"Choo ndani kinakula nafasi."

"Nafasi itakula nini kama hakuna mpangaji?"

Akaokota kipande cha mkaa, akachora ukutani mahali ambapo mlango wa choo ungekaa, bomba lipite wapi, sinki liegemee wapi. Bedan alisimama akimtazama mgongo. Alimpenda hapo, kabisa, na alijua kwamba amempenda. Hakusema. Alisema tu, "Bomba haliwezi kupita hapo," na wakabishana hadi jua likazama, kwa raha.

Mwezi wa tano Jackie, karani wa yule wakili, akampigia Bedan simu.

"Bwana Gachau, karatasi zako zinapigana. Bodi imeandika uko na bibi, amekuja, amekubali, na nambari yake ya kitambulisho iko. Halafu kiapo chako kinasema hujaoa. Tarehe ni moja. Wakili anasema mojawapo ni uongo, na hawezi kupeleka uhamisho wa shamba hivyo."

Bedan akaketi juu ya mtungi wa gesi. "Sasa?"

"Sasa njia ni mbili. Urudi kwa bodi useme kile kibali kilipatikana vibaya. Watakifuta, uombe upya. Lakini mkataba wako na Nzioka ni wa mwezi wa kwanza, na kibali kisipoombwa ndani ya miezi sita mkataba unakufa. Nzioka akitaka kurudi nyuma, anarudi."

"Na ya pili?"

"Ya pili ni rahisi. Kama huyo dada ni bibi yako kweli, tunaandika kiapo kingine kwamba mmeoana kienyeji, naye anaweka sahihi ya kukubali. Imeisha. Ni bibi yako ama si bibi yako?"

Bedan alizitazama cheche zilizokwisha kupoa sakafuni. Aliona kuta za Mugutha zikinyeshewa. Akajiambia kwamba si anampenda? Si siku moja atamwoa? Basi kuna ubaya gani karatasi ikitangulia?

"Andika tu tumeoana," akasema.

Hapo nilimkasirikia, na bado namkasirikia. Alikusudia kumwambia Ajwang jioni, ana kwa ana, amnunulie kuku na amweleze polepole. Lakini Jackie alikuwa mchapakazi, na nambari ya Ajwang ilikuwa kwenye faili.

Saa saba ya siku ile ile Ajwang alikuwa ameketi kwenye kantini ya kiwanda, koti la buluu la kazi begani, sahani ya ugali na sukuma mbele yake, simu ikalia. Ilikuwa karatasi kutoka kwa Jackie, karani wa wakili; akaifungua. Akasoma polepole, kama alivyosoma kila kitu. *Mimi, Emmaculate Ajwang, naapa kwamba mimi ni mke wa Bedan Gachau, niliyeolewa kwa mila na desturi.* Mbele kidogo kulikuwa na tarehe ya ndoa. Ilikuwa tarehe ya bodi. Na chini yake: *mahari ilitolewa na kupokewa na wazazi wangu.*

Aliisoma sentensi hiyo mara tatu. Baba yake alikuwa amefariki. Mama yake alikuwa Ahero, mjane anayefuga kuku, ambaye hakuwa amepokea hata unyoya.

"Bedan."

"Mke wangu wa fai..."

"Mama yangu amepokea mahari?"

Bedan akazima mashine ya kuchomelea.

"Nakuuliza swali. Ilikuwa ng'ombe wangapi? Nani aliwaleta? Walilala wapi? Maana nataka nimpigie nimuulize kama ng'ombe wetu wamefika salama."

"Ajwang, sikiza. Ni karatasi tu. Nilikuwa nikuambie leo jioni."

"Ni karatasi tu! Wewe si ulitaka kuuza shamba na bibi hakuna, ukapata mjinga mmoja kwa benchi. Ndio maana chai. Ndio maana Mugutha kila Jumapili."

"Hiyo si kweli na unajua."

"Sijui! Mimi hujua kitu nikiulizwa. Uliniuliza? Siku gani?"

Na Bedan, ambaye angeweza kusema samahani na kunyamaza, akasema neno ambalo lilikuwa kweli na halikupaswa kusemwa.

"Si ni wewe mwenyewe ulisema kwa bodi wewe ni bibi yangu? Mimi sikukutuma."

Simu ikakatwa. Ugali wa Ajwang ulibaki sahanini hadi kengele ikalia.

Bedan alipiga siku ya kwanza mara kumi na moja, siku ya pili mara sita. Ajwang hakushika. Alikuwa na hasira, lakini tatizo la mtu anayependa kuuliza ni kwamba akikosa wa kumuuliza hujiuliza mwenyewe. Nani alidanganya kwanza? Nani alitoa kitambulisho bila kuombwa mara mbili? Kila alipojibu, jibu lilikuwa na jina lake. Na kulikuwa na jambo baya zaidi: alikuwa ameidanganya bodi siku ile ile iliyoidhinisha ardhi ya chama, yeye akiwa katibu wa chama hicho.

Jumamosi ile chama kilikutana Githurai 45, kwa mwenyekiti wao Nekoye. Ajwang akasimama akawaeleza wote, kuanzia muhuri hadi mahari. Hakuna aliyecheka.

"Na wakifungua faili yetu tena?" Nekoye akauliza. "Wakisema hata sisi ni waongo?"

"Nitarudi kwa bodi niseme ni mimi peke yangu."

"Utarudi. Lakini daftari uache hapa."

Wakamvua ukatibu. Ajwang akaliweka daftari juu ya meza, akaenda kituoni akilia waziwazi, na sioni sababu ya kuificha habari hiyo.

Bedan naye hakulala kwa raha. Jackie alipopiga kuuliza sahihi iko wapi, alikuwa Mugutha, amesimama mbele ya ule mchoro wa mkaa.

"Chana hiyo karatasi," akasema.

"Nzioka atasema nini?"

"Nitaenda kwake mwenyewe."

Akaenda. Mzee Nzioka alimsikiliza hadi mwisho, akasema alishangaa tangu siku ile alipoona mume anaingia na mke anatazama dari. Akasema atangoja hadi miezi sita iishe, si siku moja zaidi.

Bodi ikakaa tena mwezi wa sita. Bedan alifika mapema, shati jeupe lile lile, akaketi benchi lile lile kwa sababu mengine yalikuwa yamejaa. Baada ya nusu saa Ajwang akaingia. Hakuvaa kitenge. Alikuwa na sketi nyeusi na koti lake la kazi la buluu, nywele amezifunga nyuma tu. Nafasi iliyobaki ilikuwa moja, pembeni ya Bedan. Akaketi. Kwa saa moja na nusu hawakuzungumza, na mama mmoja aliyekuwa katikati ya kuuza shamba lake Juja aliwatazama akasikitika, akidhani ni mtu na mkewe wanaogombana juu ya ardhi.

Karani akaita, "Gachau!"

Wakasimama wote wawili.

"Umekuja kufanya nini?" Bedan akauliza kwa sauti ya chini.

"Kusema ukweli. Na wewe?"

"Kusema ni makosa yangu."

"Si yako, ni yangu."

"Ingieni!" karani akafoka.

Mwenyekiti aliwasikiliza akiwa amevua miwani. Bedan alisema yeye ndiye aliyeacha faili na kuweka sahihi akijua. Ajwang alisema yeye ndiye aliyefungua mdomo. Wakaanza kukatizana hadi mwenyekiti akapiga meza.

"Hapa si mahali pa maigizo! Watu wanauza mashamba ya watoto wao hapa, na nyinyi mnacheza mume na mke?" Akamgeukia Bedan. "Bwana Gachau, nataka iandikwe vizuri. Mbele ya bodi hii, uko na bibi ama huna?"

"Sina," Bedan akasema. Akapandisha sauti ili karani asikie. "Sijaoa. Huyu si bibi yangu na hajawahi kuwa."

Ajwang ndiye aliyekuwa ametaka maneno hayo. Kwa mwezi mzima alikuwa ameyataka. Aliposikia yakisemwa kwa nguvu hivyo mbele ya watu, yalimuuma kama mtu aliyebanwa kidole na mlango.

Kibali kikafutwa. Karani akapiga mstari juu ya jina la Ajwang, naye akaweka sahihi pembeni ya mstari. Bedan akaambiwa arudi mwezi wa saba na kiapo chenye muhuri, nao wote wawili wakaonywa kwamba wakirudia watajua kwa nini polisi wana ofisi jirani.

"Na chama chetu, mheshimiwa?" Ajwang akauliza. "Ile ya mzee Kinuthia."

"Kinuthia alileta mabibi wote wawili, niliwaona kwa macho yangu. Chama chenu hakina shida. Shida ni wewe. Nenda."

Nje, jua lilikuwa kali. Walisimama karibu na mama wa mahindi choma, kila mmoja akitafuta pa kuanzia.

"Pole," Bedan akasema. "Kwa ile karatasi. Na kwa kile nilikuambia kwa simu."

"Pole pia. Nilikuingiza kwa shida."

"Uliniokolea mwezi mmoja."

Ajwang akacheka kidogo bila kutaka. Kisha akasema, "Umesema kwa sauti kubwa sana pale ndani."

"Si ndio ukweli?"

"Ndio ukweli."

"Ajwang, nipe muda nimalize hii maneno ya shamba."

"Muda wa nini?"

"Nipe tu."

"Kwa nini husemi?"

"Nikisema sasa itaharibika."

Hebu fikiria adhabu hiyo kwa mwanamke kama Ajwang. Mwezi wa saba Bedan akapata kibali, na Nzioka akamlipa. Mwezi wa nane karatasi zikawa zinazunguka ofisini. Simu alipiga kila siku: umekula, umefika, kuku wa mama wanaendeleaje. Lakini zile za "mke wangu wa faili" zilikoma. Hakutaja ndoa, hakutaja kesho, na Jumapili akiwa Mugutha hakumwalika.

"Huyu mtu ananicheza," Ajwang akamwambia Becky wakifua nguo.

"Muulize."

"Nimeuliza! Anasema nimpe muda."

"Basi ni rafiki sasa."

"Rafiki gani anauliza kama nimevaa sweta?"

Ilikuwa Jumamosi, mwishoni mwa mwezi wa nane, Bedan alipompigia akamwomba aje Mugutha mchana. Ajwang akavaa gauni la maua mekundu ambalo hakuwa amelivaa tangu Pasaka, akajiambia hajavaa kwa sababu ya mtu. Alipokata kona akaona mabati, mapya, yanaumiza macho. Milango sita ya chuma ilikuwa imesimama, imepakwa rangi ya kijani. Akaingia chumba cha kwanza moja kwa moja. Choo kilikuwa ndani, pale pale alipochora.

"Bomba limepita," akasema.

"Limepita. Fundi alinitukana siku mbili, lakini limepita."

Bedan alikuwa amesimama mlangoni, suruali ya khaki na shati la samawati, mikono hajui aiweke wapi.

"Jana taito ya Kalimoni ilitoka kwa jina la Nzioka," akasema. "Jackie amefunga faili."

"Hongera."

"Ngoja. Kalimoni sina kitu tena. Hii ya hapa siuzi, na sitaki mkopo wa benki. Nimemuuliza Jackie mara mbili hadi akaniuliza kama niko sawa. Hakuna karatasi mahali popote, kwa ofisi yoyote, inahitaji mimi niwe na bibi."

Ajwang akashika fremu ya mlango wa choo.

"Ningekuuliza mwezi wa sita, ungesema ni shamba. Ningekuuliza wiki jana, ungeweza kusema ni shamba. Leo siuzi kitu. Nakupenda, Ajwang. Nataka kukuoa kama na wewe unataka. Huo ndio muda niliomba."

"Na nikikataa?"

"Nitapangisha vyumba sita. Nitalia kidogo."

"Kidogo?"

"Sana."

Ajwang alimtazama. Machozi yalikuwa yamemfika na hakutaka yaanguke kabla hajamaliza alichokusudia. Akatoa simu mkobani, akatafuta jina, akaiweka kwenye spika.

"Unapigia nani?"

"Mimi nataka. Lakini si mimi peke yangu wa kuulizwa."

Simu ikalia mara nne. Upande wa pili kukasikika kuku, kisha sauti ya mwanamke aliyekuwa akitembea. Ajwang akamsalimu mama yake kwa Kijaluo, akasema maneno machache ambayo Bedan hakuelewa, ila jina lake alilisikia humo. Kisha akamnyooshea simu.

"Mama, shikamoo," Bedan akasema.

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Naitwa Bedan Gachau, mama. Niko Thika. Nachomelea mageti."

"Unataka nini?"

Bedan akamwangalia Ajwang. Ajwang hakumsaidia hata kidogo.

"Nataka kuja huko nyumbani, mama. Kuuliza kama mnaweza kunipa Ajwang."

Kuku walilia kwa muda mrefu.

"Una wazazi?" mama akauliza.

"Walishatangulia, mama."

"Pole, mtoto wangu. Basi uje na majirani, uje na watu wa kanisa, uje na yeyote anayekujua. Lakini usije jioni jioni. Uje mchana, upite hapo senta, kwa maduka, polepole, watu wote wakuone."

"Ndiyo, mama," Bedan akasema, na mkono wake wa kushoto ukapanda ukafunga kifungo cha juu cha shati, kana kwamba amekwisha kufika.